Sifa za Mheshimiwa Asiyeambilika

Mjini tuna desturi ya kusifu wenye vyeo, hata wale ambao kazi yao hatujaiona. Leo naomba zamu nimsifu mmoja ambaye hajawahi kuimbiwa na kwaya yoyote, ingawa ndiye aliyekaa juu kuliko wote sebuleni. Namsifu kiyoyozi aliyewekewa nyuzi 24 hapa Dar es Salaam, naye kwa busara zake akaona familia hii inastahili baridi ya Makete.

Wabaya wake humwita mkaidi. Wanapotosha. Ukimchunguza utaona hakuna mtii kama yeye nyumba nzima. Kasoro yake ni moja tu, kwamba anayemtii si wewe.

Tuanze na ukoo, maana sifa isiyo na nasaba ni kelele. Upande wa themostati, babu yake ni Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu huko Whitewater, Wisconsin, Marekani. Mwalimu huyu alichoshwa na mtunza jengo aliyekatiza vipindi kuja kuangalia joto la darasa, akabuni kifaa kilichopewa hataza mwaka 1883. Kifaa chenyewe hakikuwasha wala kuzima kitu. Kilipiga kengele kule chini kwenye tanuri, basi. Kurekebisha joto kulibaki kwa aliyeisikia kengele, na aliyeisikia huenda alikuwa anamalizia chai yake. Kwa hiyo tangu asili, themostati ni mpeleka habari. Mamlaka hakuzaliwa nayo.

Upande wa ubaridi, nasaba inakwenda kwa Willis Carrier, aliyesanifu mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikinyonya unyevu wa hewa, zinatanuka, zinanywea, na rangi hazikutani mahali pake. Mtambo uliitwa uje kuokoa karatasi. Jasho la wachapaji halikuwa kwenye ajenda. Mjukuu wa ukoo uliotumwa na karatasi utamdai akuhurumie wewe kwa hati gani?

Sasa tutazame adabu yake. Unanyoosha rimoti, unabonyeza, kioo kinaandika 24, nawe unajiona umetoa amri. Miale ya rimoti nyingi huenda upande mmoja tu. Ile namba ni kumbukumbu ya ulichoomba, wala haithibitishi kwamba ombi limefika. Ukiielekeza kwenye pazia itaandika 24 kwa fahari ileile. Mheshimiwa akikupokea atasema "pii", na huo ndio mwisho wa mazungumzo. Ukiichagua alama ya tone la maji ukidhani ni baridi ya kistaarabu, umemwomba apunguze unyevu, na katika kazi hiyo wengi wa aina yake hawaitazami kabisa namba yako.

Bwana wake wa kweli ni mdogo wa kutafutwa kwa tochi: sensa ya joto, kama punje, imejibanza nyuma ya filta mbele ya koili. Joto likipanda, upinzani wake wa umeme hushuka. Katika viyoyozi vingi hupima kilo-omu 10 hewa ikiwa nyuzi 25. Ikizeeka ikaanza kusoma joto la juu kuliko kweli, bodi ya kielektroniki huamini sebule inaungua, na Mheshimiwa atavuma hadi bibi aitishe blanketi mwezi wa pili. Ikichomoka kwenye kishikio ikaegemea koili, hutangaza kwamba tayari ni baridi kali. Kompresa inapumzishwa, nanyi mnaloa jasho chini ya mtambo wenye dhamiri safi. Kumbuka pia kwamba punje hii hupima hewa ya juu ukutani, ambako joto hukusanyika. Wewe uliye kwenye kochi hukuulizwa.

Zipo rimoti zilizofungiwa sensa yake, ili kiyoyozi kifuate joto la mahali rimoti ilipo. Huo ni uaminifu uliopea. Lala nayo juu ya mto, ikimtazama Mheshimiwa: itapata joto la shavu lako, itapeleka taarifa kwamba chumba kinachemka, Mheshimiwa ataongeza baridi, utavuta shuka hadi shingoni na kuisogelea, rimoti itazidi kupata joto, naye atazidi kukuhudumia. Hadi alfajiri mtakuwa mmehudumiana vya kutosha.

Na kuna siku sensa inasema kweli, bodi inakubali, amri ya kusimama inatoka, na bado mambo yanaendelea. Hapo mtukufu wetu ametufunulia rilei, ile swichi ya kompresa, au kontakta kwenye mitambo mikubwa, ambayo ncha zake zimeungua zikashikana. Mjaribu hivi: zima kwa rimoti, toka nje, sikiliza. Ikiwa zimepita dakika kadhaa na kompresa bado inanguruma ukutani huku ndani kumezimwa, usibishane tena na rimoti. Zima breka, uite fundi, na kifuniko umwachie yeye, kwa kuwa kapasita ya mle huweza kumrusha mtu hata umeme ukiwa umekatwa.

Fundi naye ana sala yake ya kufungulia: "Bosi, gesi imeisha." Hapo ndipo sifa za Mheshimiwa zinapong'aa, maana yeye hali gesi. Gesi huzunguka kwenye mabomba miaka yote bila kupungua. Ikipungua, imevuja, na kuijaza bila kuziba tundu ni kumnunulia jirani upepo. Ni kweli kwamba gesi ikiwa chini, au filta ikiwa na vumbi la kulimia mchicha, ubaridi haufiki nyuzi ulizoomba, na kompresa haipati sababu ya kusimama. Lakini huo ni ukaidi? Ameambiwa asipumzike mpaka afike, naye hajafika.

Na faida zake kwa jamii zinahesabika? Mume anataka 18, mke anataka 26, na ndoa ilikuwa inaelekea kwa wazee. Mheshimiwa akaamua kutomsikiliza yeyote, na wawili wale sasa wana adui mmoja. Mgeni aliyezoea kuja kusalimia na kukaa hadi chakula cha usiku sasa huanza kutafuta viatu magharibi haijaadhiniwa. Watoto wa Tabata wanajua kuvaa sweta bila kupandishwa Lushoto.

Kwa hiyo anayetaka kumlaumu afuate kwanza itifaki. Atazame alama iliyo kwenye rimoti na nguvu ya betri. Aoshe filta. Ahakikishe punje iko kwenye kishikio chake, kisha fundi aipime kwa mita. Asikilize kompresa huko nje. Gesi ije mwisho, nayo ipimwe, isitabiriwe. Wengi wataishia kwenye filta, na watagundua kwamba muda wote aliyekuwa hasikii maombi si yule aliyeko ukutani.

Akibaki aliyemaliza yote hayo na Mheshimiwa bado haambiliki, asikate tamaa. Mtambo wa kawaida wa BTU 12,000 hula karibu uniti moja ya umeme kila saa kompresa inapofanya kazi bila kusimama. LUKU ikiisha, atanyamaza papo hapo: hatasema "pii", hataulizia nyuzi, wala hatamtaja sensa. Mamlaka halali anaitambua, na mamlaka hiyo ni salio.