Nyanya ya Mlali Haina Kibali cha London

Mjomba na jamaa wote wa Mlali,

Naanza na wewe mjomba, kwa kuwa sisi ni watu wa upande wa mama na habari ya shamba haiwezi kukuruka. Habari yenyewe ni kwamba Waingereza wamegundua gulio la wakulima. La kwanza la mtindo huu mpya lilifunguliwa mji wa Bath mwaka 1997, London ikafuata mwaka 1999 pale Islington, na hata hilo la London halikutoka kwenye kichwa cha Mwingereza. Alilianzisha Nina Planck, Mmarekani aliyekulia kwenye shamba la mboga huko Virginia. Siku hizi, mwisho wa wiki, viwanja vya shule na maegesho ya magari hugeuka soko, na watu wenye shahada mbili hupanga foleni kununua karoti zenye majani na udongo wake. Udongo hauoshwi kwa makusudi: karoti ikishaoshwa itafanana na ya supamaketi, na bei itakosa pa kusimama.

Najua mtacheka, na kwa mwezi wa pili mnayo haki. Wakati huo meza za wakulima wa hapa zina viazi, vitunguu vya majani, bitiruti na kale, ndugu yake sukuma wiki, ambaye zamani alijulikana zaidi kama chakula cha mifugo na sasa anauzwa kama dawa ya maisha marefu. Ikifika Aprili hata hivyo vinapungua, kwa sababu mazao ya baridi yamekwisha na ya joto hayajaota. Mtu aliyezoea kuona magari yakishuka na kabichi, karoti na njegere kutoka milimani Nyandira na Langali angedhani kuna msiba. Lakini msicheke sana, maana wenzetu wameandika kitu ambacho sisi hatujakiandika.

Taasisi inayoendesha masoko mengi ya London ina masharti mawili. La kwanza, anayesimama nyuma ya meza auze alicholima au kufuga mwenyewe. La pili, shamba lake lisiwe mbali zaidi ya maili 100, yaani kama kilomita 160, kutoka barabara ya M25 inayouzunguka mji. Kwa sharti la pili, nyanya yenu ikifika soko la Ilala tayari ni mhamiaji, kwani kutoka Mlali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 200. Jiji linalokunywa maji ya Mto Ruvu, yanayotoka Uluguru, lingeambiwa kwamba nyanya iliyonyweshwa na milima hiyo hiyo si ya nyumbani. Sharti hilo tuwaachie wenyewe. La kwanza ndilo lenye utamu. Ukiangalia vizuri, anacholipia huyu mnunuzi wa London si ladha tu, wala udongo. Analipia kujua pesa yake inaingia mfuko wa nani. Mlali jambo hilo ni la bure, ila tu kwa mtu anayenunua sado moja ya nyanya kwa mkulima. Tenga likishapanda kwenye Fuso, hakuna tena anayejua. Kuna dalali wa shambani, mwenye gari, dalali wa sokoni, mchuuzi, na mwisho mama wa genge anayepanga mafungu ya nyanya nne nne. Mama huyo hajui nyanya ililimwa na nani, na aliyelima hajui iliuzwa shilingi ngapi.

Mtaniambia kwamba haya ni mambo ya matajiri, na kwa sehemu ni kweli. Mwenye kipato kidogo London haendi Islington. Anakwenda soko la Ridley Road, Dalston, ambako nyanya na pilipili zinauzwa kwa bakuli, na hilo bakuli ni fungu letu limevalishwa plastiki. Hakuna anayemuuliza muuzaji kama alilima ndizi zile za kupika mwenyewe, ingekuwa miujiza. Mtaniambia pia kwamba nyanya ya huku ni safi, haina dawa. Hapo nawapinga. Masharti niliyoyataja hayasemi kwamba lazima kilimo kiwe hai. Wanunuzi wengi hujiaminisha wenyewe wakiona kofia ya mkulima. Ni kweli kwamba nyanya za kwetu hupigwa dawa nyingi, hasa tangu mdudu kantangaze aingie nchini. Lakini kwetu Morogoro kuna Sustainable Agriculture Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, na kuna vikundi vya wakulima wanaokaguana wao kwa wao ili mazao yao yapate alama ya Kilimohai. Jirani anayepita shambani kwako kila asubuhi ni mkaguzi mkali kuliko kofia.

Pingamizi zito dhidi ya lile sharti la kwanza linahusu dalali. Bila yeye nani atauza? Nyanya haisubiri, mkulima hawezi kuacha shamba akalale Ilala siku mbili, na mvua ikinyesha njia ya Mgeta ina maamuzi yake. Nakubali yote hayo. Sharti la London linafaa kwa mkulima mwenye gari lake na wateja wasiouliza bei, na kulileta Mlali lilivyo ni kuozesha nyanya kwa kanuni. Dalali anafanya kazi, na kazi ina ujira. Kinachouma ni kwamba ujira huo haupimiki. Tenga linajazwa hadi juu ya ukingo, linafunikwa kwa majani na kufungwa kamba, halafu linaitwa moja. Gunia la viazi linashonewa kilemba, nalo ni moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini gunia hilo la kilemba, yaani lumbesa, linasafiri mchana kweupe kama abiria mwenye tiketi. Huku, mwaka 2001, muuza mboga wa Sunderland aitwaye Steven Thoburn alitiwa hatiani kwa sababu mizani yake ilipima ndizi kwa ratili badala ya kilo. Hakushtakiwa kumpunja mtu. Waingereza wengi waliona ni upuuzi na wakamfanya shujaa, nami sitaki Mlali ipeleke mtu mahakamani kwa ajili ya ndizi. Ila kati ya upuuzi wao na kilemba chetu, upuuzi wao una nafuu kwa mwenye shamba.

Kwa hiyo mjomba, katika soko zima la Islington ningechukua mizani tu. Iwekwe hapo magari yanapopakia, tenga lipimwe kabla ya kupanda, na kilo ziandikwe kwenye karatasi mbili, moja ya mkulima na moja ya gari. Dalali abaki, alipwe kwa kila kilo anayoiuza, hata akitaka nyingi tujadiliane. Akisema mizani inachelewesha gari, mwambieni mizani ya dukani haijawahi kumchelewesha mtu. Na akikataa kabisa, muulizeni alikuwa anakula kilo ngapi.

Wasalaam,
Mpwa wenu, London