Jinsi ya Kulichubua Gari Likang'aa

Kwanza kabisa, usilioshe. Vumbi la Dar es Salaam ni msasa wa bure: ukilipitishia mashine ya polishi, boneti nyeusi itajaa mikwaruzo ya miviringo ambayo mwenye gari ataigundua siku akiegesha juani. Wapo mafundi wanaosuuza gari zima, wakalikausha, kisha wakaziba nembo, raba za vioo na kingo kwa teipu ya karatasi. Hao hawana foleni ya wateja.

Sasa mashine. Ile inayozunguka huku ikiyumba haiunguzi rangi kirahisi, kwa hiyo haina raha. Ile inayozunguka moja kwa moja huendeshwa taratibu, mara nyingi chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika. Wewe chukua grinda ndogo ya kukatia nondo, inayofika 11,000, uifunge sponji. Tofauti ni namba tu.

Iwashe ikiwa hewani ndipo uishushe, ili kampaundi ya kung'arishia iruke kwenye kioo, shatini na ukutani kwa jirani. Kuipakaza kwanza, ukaiweka sponji kwenye bati ndipo ukabonyeza swichi, ni uoga. Waya usiupitishe begani. Uache ulale juu ya boneti, nao ufanye kazi yake. Miwani? Una macho mawili.

Ukishaanza, usihame. Kliya ya kiwandani, ile inayolinda rangi, huwa na unene wa takriban mikroni 40 hadi 50. Kwa kawaida unywele wako ni mnene zaidi. Pa kuegemea kwa uzito wote wa mwili ni kwenye ukingo wa boneti na mikunjo ya milango, ambako kliya ni nyembamba kuliko kwingine. Bati likiwa la moto mpaka kiganja hakikai, ndiyo kwanza linaiva. Bampa la plastiki ni tamu zaidi, maana halipotezi joto haraka kama bati: dakika hii linang'aa, dakika hii limevimba.

Sponji ikianguka mchangani, ipigepige gotini uendelee.

Mahali fulani ukingoni pataanza kuonekana weupeweupe. Hiyo ni praima, hongera. Mwenye gari akiuliza, mwambie lilikuja hivyo kutoka Japani, na uombe asiwe na picha alizopiga siku ya kulitoa bandarini.