Kisasi cha Kukaa Barazani

Shangazi,

Huku Galway mvua ni ile ile, afya njema. Uliuliza kwenye simu kama Kiayalandi kinapanda. Kinapanda, ila kwa kushikilia ukuta. Juzi darasani tulipewa "díol", maana yake kuuza, na pia kulipa. Likafuata "díoltas". Mbrazili ninayekaa naye akadakia: "Duka!" Mwalimu, bibi mpole wa kusuka sweta, akamwambia taratibu: "Kisasi, mwanangu."

Kumbe asili ya hilo la pili ni kwingine. Limetokana na "dígal" la Kiayalandi cha kale, ambalo ndani yake mna "gal", ushujaa wa vitani. Wawelishi nao wana "dial", maana hiyo hiyo. Neno la watu wa mikuki, likaishia kufanana na neno la wachuuzi. Mimi sikushangaa. Kwetu nako kisasi si kinalipwa?

Na hawa Waayalandi wa kale walikuwa wanalipa kweli, Shangazi. Katika sheria zao za karne ya 7 na ya 8, ukiua mtu huru unatoa "éraic", dia kabisa: cumal 7, na cumal moja kwa kawaida ni ng'ombe 3 wa maziwa. Piga hesabu. Juu yake kuna "bei ya uso", fidia ya heshima, inayopanda na cheo cha mtu. Mfalme usoni kwake ni zizi zima. Wewe na mimi, labda ndama.

Lakini katika sheria hizo lililonikuna ni "troscad". Ukimdai mkubwa, huendi kwa fujo. Unakwenda kukaa mlangoni kwake na kufunga. Naye, kabla hajatia tonge mdomoni, inampasa akupe rehani. Akila na wewe una njaa pale nje, anadaiwa maradufu, na heshima yake imekwisha.

Nikamkumbuka yule mheshimiwa wako aliyechukua doti za kanga kwa harusi ya bintiye, mpaka leo anakupita kwa salamu ndefu. Chukua mkeka, ukae barazani kwake, majirani wakuone. Ila usiende sasa, Ramadhani imekaribia. Atakwambia na yeye amefunga, halafu magharibi akukaribishe futari, ule chakula chake, na deni liishie hapo. Ngoja Mfunguo Mosi.

Mwanao wa mvuani