Kobalti Moyoni, Moto Tumboni

Moyo wangu hauna neno. Tangu waliponizibulia mshipa kule Johannesburg na kuniwekea stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma, unapiga kazi yake bila kelele. Anayenisumbua ni jirani yake wa chini. Miaka yote nililijaza tumbo michopo ya nyama na pilipili, nalo likavumilia. Lilipoona moyo unapigwa picha, unanunuliwa dawa za bei na kuulizwa hali na kila mgeni, likaingiwa na wivu.

Daktari hataki kusikia habari za wivu. Anasema mwenye stenti hupewa aspirini na klopidogreli ili damu isigande kwenye ule wavu, na aspirini hiyo hiyo hudhoofisha utando unaolilinda tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Dawa hizo huziachi kwa sababu tu kifua kinaungua, maana ukizikatiza kienyeji mshipa unaweza kuziba upya. Basi unameza cha kukuunguza, halafu unameza cha kuzima moto.

Kabla sijafika mbali, kuna jambo kuhusu huo wavu. Stenti nyingi za siku hizi ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Kobalti! Mimi mtu wa Kolwezi, niliyezeeka nikiyapisha malori yanayoibeba kwenda mpakani Kasumbalesa, nimepanda ndege kuifuata chembe yake ugenini, na bei niliyolipa sitaitaja mbele ya wajukuu. Shemeji yangu aliposikia alifunga mlango kwanza. Anaujua mtaa wetu wa Kasulo: mwaka 2014 mtu alichimba uani kwake akakutana na madini, na haukupita muda watu wakawa wanachimba hadi chini ya vyumba vya kulala.

"Shemeji," akaninong'oneza, "habari hiyo isitoke humu ndani. Na kwenye geti la mgodi usipite tena, watakupekua."

Tatizo lenyewe ni kwamba moyo na tumbo wakitaka kulalamika wanatumia mlango mmoja. Jioni moja tulikwenda matanga Manika, na kwenye matanga ya kwetu mtu hasemi kwamba amekatazwa mafuta. Nililetewa bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo iliyoogelea kwenye mawese, na baadaye kikanda cha mizizi ya mwituni na karanga. Usiku wa manane chakula chote kilikuwa bado kimerundikana pale pale kama mabaki ya madini kule Kingamyambo, na kifua kinawaka hadi kooni. Ni moyo au ni sombe? Aliyetiwa chuma moyoni habahatishi. Mke wangu alikwisha kuvaa viatu.

Tulimpata wewa, dereva wa abiria, na pikipiki yake. Alipoambiwa mgonjwa ni wa moyo, akawa anakwepa kila shimo, na kwa hali ya barabara ile tulikwenda njia nzima upande upande. Mbwa mmoja alitufuata kwa miguu, akatupita.

Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya kihakimu, alinibandika nyaya kifuani, akanitoa damu, tukasubiri. Majibu yalipofika akaketi na karatasi yake.

"Papa, jioni ulikula nini?"

"Bukari kidogo."

Mke wangu akakohoa.

"Na sombe."

Akakohoa tena.

"Na michopo. Na kikanda."

Binti akaacha kuandika. "Papa, moyo uko salama. Ikitokea tena, usijipime mwenyewe, njoo. Lakini njoo bila kikanda."

Siku hizi ninameza pantoprazoli, ndiyo ya kuzima moto. Muuza dawa wa mtaani alitaka kunipa omeprazoli, akaapa kwamba ni ndugu yake. Ni ndugu kweli, ila huyo huliingilia ini linapoiandaa klopidogreli ifanye kazi, na daktari wangu hamtaki nyumbani kwangu. Jirani alileta soda ya maandazi, nikamshukuru, tukapikia maandazi. Mtu mwenye moyo wa kutengenezwa hahitaji chumvi ya ziada kwenye glasi.

Kilichobaki ni kitanda. Nimeagizwa niache muda wa saa tatu kati ya chakula na kulala, niinue upande wa kichwani, nilale kwa ubavu wa kushoto, maana hapo asidi hupata shida kupanda. Shemeji alipinga huo ubavu: "Utaulalia moyo!" Lakini matofali ya kuinulia kitanda aliyaleta mwenyewe. Usiku wa kwanza mke wangu aliteleza hadi miguuni, akaamka amekumbatia ubao wa kitanda. Wa pili, vivyo hivyo. Akahamisha mto wake akauweka huko huko chini, na tangu hapo, nikilala ubavu wa kushoto, uso wangu hutazamana na vidole vyake vya miguu. Nikianza kugeuka geuka gizani, vidole hivyo hunigusa kidevu.

"Moyo?"

Ninajisikiliza kidogo. "Maharage."

"Basi lala."