Muulize Shangazi: Dakika Ishirini za Unguja

*Shangazi, shikamoo. Nilimpigia mama mkwe wangu kule Unguja nikamwambia aniandalie chakula, nakuja kwa ndege, safari yenyewe dakika ishirini. Nilitoka kwangu Mbezi saa moja asubuhi, nikabisha hodi kwake Mwanakwerekwe saa sita na nusu. Biriani lilishapoa na mkwe hanisemeshi. Nimlaumu nani?* – Mkwe Mpya

Marahaba, mwanangu. Dakika ulizoahidi hazikuwa zako, ni za ndege. Toka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 tu angani. Ndege haijamaliza kupanda, imeshaanza kushuka. Ukichelewa kufungua pakiti ya karanga, utateremka nayo mkononi. Tena muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya huku hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule. Hakuna anayekuhesabia tangu ulipofunga mlango Mbezi. Foleni ya barabarani haimo. Kuwahi uwanjani, kuvua mkanda, kuketi unamtazama mtoto wa watu akichaji simu, kungoja begi (lenye embe za mkwe, nakujua), vyote havimo.

Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili, bandari hadi bandari, na inakushusha Malindi, hatua chache tu na Mji Mkongwe. Kwa mtu anayeanzia safari Kariakoo, mwenye ndege hamwachi mbali, na pengine anamkuta keshafika. Anayezifaidi dakika ishirini kwelikweli ni mkaazi wa Kipawa aliyeoa Kiembesamaki, maana wote wawili wanaishi ubavuni mwa uwanja. Wewe umeoa Mwanakwerekwe na unalala Mbezi. Mpelekee mama doti ya khanga, na safari ijayo mwambie utafika mchana, basi.

*Shangazi, mume wangu kaenda Maskati. Tiketi yasema katoka Dar saa kumi alfajiri, katua saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hizo ni saa sita na zaidi! Shemeji yangu, aliyewahi kwenda, anaapa safari ni saa tano na kitu. Ile saa moja alikuwa wapi, na nani?* – Mwenye Mashaka, Tanga

Alikuwa kitini, bibi, kafungwa mkanda. Dar hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000, na shemeji yako anasema kweli. Ila saa za Oman ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na tiketi huandika kila uwanja kwa saa za kwao. Akirudi utaona kinyume chake, safari ya saa nne na kitu. Usije ukampikia pilau ukidhani kakimbia kukuwahi.

Lakini kama katua saa nne na simu kakupigia magharibi, hapo ndege haihusiki. Niandikie tena.