Kuku Amekufa, Aende Wapi?

Vijitabu vya ufugaji vimejaa maelezo ya banda, pumba, dagaa na namna ya kumtambua mtetea atakayetaga vizuri. Kuhusu kuku aliyekufa utakuta sentensi moja tu: mizoga izikwe au ichomwe moto. Aliyeiandika bila shaka ana shamba. Hajawahi kupanga Kimara, kwenye uwanja uliopigwa pevingi mpaka mlango wa choo, udongo umebaki kiraka tu chini ya mpapai, na mama mwenye nyumba anakagua kila tofali kama mhasibu.

Kideri kilianzia kwa jirani, kikaruka ukuta. Mtetea wetu mweusi, mbabe aliyekuwa akifukuza paka, tulimkuta chini ya mpapai kapinda shingo anatazama juu, mabawa yanaburuta, nyuma yake kinyesi cha kijani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Singida, na mtu wa Singida humfundishi kuku.

"Baba, lete kisu," akaniambia. "Huyu tumuwahi."

Kwa nyumba nyingi, hapo ndipo penye suala lenyewe. Hakuna anayeuliza kuku ameuawa na nini. Kinachoulizwa ni kama kisu kilifika kabla. Jirani yetu, mzee wa msikitini, alikuwa amechungulia juu ya ukuta. "Acheni hiyo, roho imeshatoka. Hicho ni kibudu." Mama mkwe akasema jicho limepepesa. Wakabishana juu ya jicho lile kwa adabu zote, shikamoo na marahaba zikiwa humo humo, mpaka likafumba lenyewe na kesi ikaishia hapo.

Afadhali iliishia hapo, maana kumuwahi ndiko kunakoteketeza mtaa. Damu, manyoya na maji ya kunyonyolea vikimwagwa uani, ugonjwa unasafiri. Kisha bakuli la mchuzi linapelekwa kwa shangazi, mifupa anatupiwa kuku wa shangazi, na wiki ijayo shangazi naye anatafuta kisu.

Afisa mifugo alipokuja aliomba mzoga mbichi ili aupasue. Akachuchumaa karibu na bomba, watu wakakusanyika. Akatuonyesha vidoadoa vya damu kwenye kile kifuko kinachotangulia firigisi, akasema hiyo ni dalili mojawapo ya kideri, ugonjwa ambao Wazungu waliupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, baada ya kuuona huko mwaka 1926. Mimi nilikuwa naitazama firigisi. Tangu nioe, ilikuwa mara ya kwanza firigisi kukatwa nyumbani kwangu na hakuna aliyenitengea.

Tukabaki na mizoga. Kijana wa guta la taka alishika mfuko, akaupima uzito, akaurudisha chini taratibu. Zamani mambo haya yalikwenda kimyakimya: rambo jeusi, fundo mbili, kwaheri. Lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mfuko mbadala, pamoja na sifa zake zote, hausitiri miguu ya jogoo. Ukipita nao barabarani kila mtu anakuuliza umenunua bei gani.

Tukajaribu moto. Mafuta ya taa kidogo, makuti, viberiti. Kwanza ikaja harufu ya manyoya, watu wakafunga madirisha. Baadaye, Mungu anisamehe, ikaja harufu nzuri. Madirisha yakafunguliwa. Watoto wa nyumba ya tatu wakaja kusimama getini wakiwa wamenawa mikono.

Wale waliofuata tuliwafukia chini ya mpapai, kwenye kishimo cha kina cha sufuria. Usiku mbwa wa mtaa wakawafukua wote, na asubuhi mmoja wao akaonekana mbele ya kanisa na bawa mdomoni, waumini wakitoka ibada ya kwanza. Habari ilikwishafika kila mahali kuwa kuna mtu anatupa kuku.

Ndipo akaja kijana mmoja, mpole, kofia mkononi. Alikuwa anaomba mizoga iliyobaki kwa ajili ya mbwa wake. Mke wangu akafurahi kweli, akaanza kumfungia. Kijana akashukuru, akapiga hatua mbili, akageuka: "Samahani dada, hamna ndimu hapo ndani?"

Tulimnyang'anya mfuko. Mama mwenye nyumba, aliyesikia yote kutoka dirishani, akatoa ruhusa mwenyewe: ng'oeni pevingi. Shimo likachimbwa refu kupita mita moja, mbali na kisima, mizoga ikamwagiwa chokaa, udongo ukashindiliwa, matofali yakarudishwa juu. Mbwa walikuja, wakanusa, wakaenda zao.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, chimba shimo leo kuku wakiwa wazima, maana siku ya msiba hutapata mtu wa kukusaidia ila wenye visu. Na kabla ya shimo, nenda duka la dawa za mifugo uulizie chanjo ya kideri ya I-2: ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na unarudia kila baada ya miezi 3. Wape kuku wakiwa bado wazima, kwani chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Na akija mtu kuomba mzoga kwa ajili ya mbwa wake, mwambie amlete mbwa.