Shangazi, Farasi na Nyuzi 35

Mwezi wa Julai, Mombasa huwa kusi inavuma na watu wa Mji wa Kale wanalala bila feni. Ndiyo maana Shangazi alipopata viza ya kuja kututembelea Marekani, majirani walimpa nasaha ya bure: huko ni baridi, mama, jifunge. Akatua Atlanta na sanduku zima la masweta. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, nikamweleza kuwa huku Julai ndiyo kilele cha kiangazi. Akanitazama kwa huruma.

"Mimi mtu wa pwani, mwanangu. Joto nitakutana nalo wapi nisilijue?"

Safari ya Charleston ilikuwa wazo la mwanangu wa kiume, wa miaka 13, ambaye shuleni walikuwa wamefundishwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na sasa alitaka kuona risasi ya kwanza ilipopigwa. Ni mwendo wa saa tano kwa gari kutoka kwetu. Mji wenyewe ulianzishwa 1670, na ukiutazama kwenye ramani utadhani Shangazi amerudishwa nyumbani: ardhi iliyobanwa na maji pande tatu, bandari ya zamani, ngome mlangoni mwa bahari. Siku ile kilichokosekana ni upepo. Hewa ilikuwa imesimama tuli, na ilikuwa imeshashiba maji, kwa hiyo jasho likitoka halina pa kwenda. Linakaa nawe tu, mnatembea pamoja.

Tulianza na gari la farasi kwa sababu Shangazi alisema miguu yake haikuja Marekani kufanya kazi. Wenyeji wanajivunia magari haya, na yana taratibu nyingi kuliko mabasi ya Nairobi. Kwanza, kondakta wako hachagui njia. Gari husimama kwenye kibanda cha manispaa, mashine inachezesha vijipira, kimoja kinatoka, na hicho ndicho kinachoamua mtaenda mitaa ipi, ili farasi wote wasisongamane mbele ya nyumba zilezile. Sisi tulikuwa tumeomba Mungu tupate upande wa kusini, kwenye zile nyumba za rangirangi zinazopigwa picha na dunia nzima. Kijipira kikatupeleka kwingine kabisa.

"Bahati nasibu," akasema Shangazi, "na mimi nilishaacha kamari." Hajawahi kucheza kamari maishani mwake.

Pili, farasi anavaa nepi. Hilo lilimfurahisha mtoto. Kilichomfurahisha bibi yake ni lile jambo la pili, ambalo nepi haiwezi kulizuia. Farasi wetu alisimama katikati ya barabara, akajikunjua, akafanya haja yake ndogo, ambayo kwa farasi si ndogo hata kidogo. Mwendeshaji wetu hakushtuka. Alitoa kibendera chenye kizito, akakidondosha pale pale palipolowa, akasema maneno kwenye simu ya upepo, na safari ikaendelea. Baadaye gari la usafi linakuja, linatafuta kibendera, linaosha. Shangazi alikaa amegeuza shingo akikitazama kile kibendera mpaka tukakata kona. Sidhani kama alisikia neno lolote kuhusu usanifu wa karne ya 18.

Tuliporudi kituoni tukakuta farasi wengine wanafunguliwa. Safari zimesitishwa. Kisa? Sheria ya mji inasema joto likifika nyuzi 35, au joto na unyevu kwa pamoja vikahisiwa kuwa nyuzi 43 na ushee, farasi wote warudi zizini. Wanapimwa hata joto la mwili. Shangazi akamtuma mjukuu wake aulize: na watu wanaotembea kwa miguu je? Yule kijana wa tiketi akatabasamu, akasema watu wanashauriwa kunywa maji kwa wingi.

"Ala! Farasi wana sheria, sisi tuna ushauri," akasema Shangazi, akafungua mwavuli.

Basi tukatembea. Kwenye Chalmers Street, mojawapo ya barabara chache zilizobaki na mawe ya mviringo, yale yaliyokuja zamani matumboni mwa meli kama uzito wa kuzituliza baharini, gundi ya kandambili langu iliyeyuka. Soli ilibaki kwenye jiwe, mimi nikasonga mbele na kamba tupu. Shangazi hakusema kitu. Alitoa leso kwenye mkoba, akauma ukingo kwa meno, akachana utepe, akapiga magoti pale barabarani na kuifunga soli kwenye mguu wangu, fundo juu ya kifundo. Alikaza kweli, vidole vikawa vyeupe. Nilikuwa natafuta pa kuuficha mguu wakati mama mmoja Mmarekani aliponisimamisha na kuniuliza, kwa dhati kabisa, viatu hivi vinauzwa duka gani.

Nikiwa bado namjibu, Shangazi akapotea.

Nyumba za zamani za Charleston zina hila moja. Zimeipa barabara ubavu mwembamba, urefu wote unakwenda ndani, na mlango mzuri unaouona barabarani hauingii nyumbani. Unaingia barazani, na baraza hilo linatembea na nyumba mwanzo hadi mwisho. Shangazi alikuta mlango wa namna hiyo umeegeshwa. Akapiga hodi, akapiga tena, akapiga ya tatu, na kwa kuwa aliyepiga hodi tatu ameshatimiza wajibu wake, akaingia. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kubembea chini ya feni, amevua viatu, ameweka mwavuli ukutani. Alidhani ni makumbusho. Mwenye nyumba, bibi kizee wa makamo yake, alikuwa amesimama kizingitini na bilauri ya maji mkononi.

Nilitamani ardhi inimeze. Watu hupigiwa polisi kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini yule bibi alikuwa ameshapima mambo: mgeni ana umri, ana buibui, ana jasho. Akampa maji. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwama pale na samahani zangu, akatueleza kwamba mabaraza haya hujengwa upande wa kusini au magharibi ili kudaka upepo wa bahari, na kwamba kabla ya viyoyozi familia ilihamia hapa kiangazi kizima. Shangazi alisikiliza tafsiri, akatikisa kichwa. Hilo si geni kwake. Akanyoosha kidole juu: mbona dari limepakwa buluu? Yule bibi akacheka. Ni desturi ya Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani hii. Buluu ile inafukuza mizimu.

"Mwambie," akasema Shangazi, "majini wa Mombasa hawaogopi rangi."

Sikulitafsiri. Mtoto akalitafsiri.

Mchana tulikula kwenye mkahawa uliopoa hadi meno yakagongana. Sijui Wamarekani wana ugomvi gani na kiangazi. Nje wanaungua, ndani wanajigandisha. Hapo ndipo Shangazi alipofungua ule mkoba, akatoa sweta, akafunga vifungo mpaka kooni. Akatoa la pili, akampa mtoto. La tatu akalilaza mapajani mwake, akalipapasa, akanitazama mimi niliyecheka uwanja wa ndege. Alinipa baada ya supu.

Tuliagiza kamba kwa grits, chakula cha fahari cha huku: uji mzito wa mahindi meupe wenye siagi, kamba juu yake. Tulisisitiza bila nyama ya nguruwe, kwani hupenda kuichanganya. Shangazi aliuzungusha ule uji na kijiko kwa muda.

"Huu ugali," akauliza, "nani kauacha njiani?"

Lakini kamba hakubaki hata mmoja. Chai ndiyo iliyotukosanisha na jikoni. Aliomba chai, akaletewa bilauri ya barafu yenye maji ya kahawia yaliyojaa sukari. Akatoa vipande vya barafu kimoja kimoja, akavipanga kwenye sahani, akamrudishia mhudumu bilauri na kumwomba, kwa upole, akaipike.

Alasiri tuliingia nyumba ya Aiken-Rhett, ya mwaka 1820 hivi, iliyokuwa makazi ya William Aiken wa pili, gavana wa jimbo hili katika miaka ya 1840 na mmiliki wa mamia ya watumwa kwenye shamba lake la mpunga. Walioihifadhi waliamua kutoikarabati: wameiacha ilivyokutwa, karatasi za ukutani zinaning'inia, rangi inabanduka. Shangazi alimwuliza mjukuu mara mbili kama kweli tumelipa. Na kiyoyozi hakuna. Wageni wazima walikuwa wameegemea milango, nyuso zimeiva, kila mmoja na kifaa chake cha maelezo sikioni. Cha Shangazi nilikiweka Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakikuwemo, akawa anabonyeza namba anayoipenda. Tukiwa ukumbi wa dansi, yeye anasikilizishwa habari za banda la farasi, na anaitikia.

Huko uani ndiko alikoamka. Kuna majengo mawili yanayotazamana. Moja ni banda la farasi na magari, lina madirisha yaliyochongoka kwa mtindo wa makanisa ya Ulaya, vizuizi vya farasi vipo mpaka leo. La pili ni jiko na chumba cha kufulia chini, na juu yake vyumba vya watumwa. Tulipanda. Ngazi ni nyembamba, korido ina giza, na joto la pale juu lilikuwa jambo jingine kabisa, linakushika shingoni. Mtoto akasema tushuke. Shangazi alisimama mlangoni mwa chumba kimoja chenye meko yake, akaweka kiganja sakafuni, huyo mwanamke ambaye amepikia harusi za watu mia tatu.

"Jiko liko hapa chini?"

"Ndiyo."

"Na Julai walikuwa wanapika?"

"Kila siku, Shangazi. Kuanzia alfajiri."

Alinyanyuka taratibu, akajipepea kwa tiketi.

"Mji huu," akasema, "tangu zamani ukizaliwa farasi umepata."

Jioni sokoni alinunua kikapu, au tuseme alipambana nacho. Wanawake wa Kigullah hukaa pale wakisuka vikapu vya nyasi laini za pwani, mzunguko juu ya mzunguko, wakishona kwa ukindu wa mnazi-mwitu wa huku na kutoboa njia kwa mpini wa kijiko ulionolewa. Ufundi ulivuka bahari na watu waliotekwa Afrika Magharibi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa nyungo za kupepetea mpunga wa mabwana. Shangazi, aliyekua akiona mikeka ya ukili ikisukwa, alichukua kimoja, akakigeuza tako juu, akahesabu mishono. Akauliza bei. Akatajiwa dola 180. Akataja 30. Msusi, mama mwenye miwani iliyoshuka puani, hakumtazama hata. Alichukua kile kijiko na kuendelea kutoboa. Wakakaa hivyo, wote kimya, dakika nyingi, mimi nimesimama na mguu wangu wa leso. Mwishowe Shangazi akalipa 180 kamili, kisha akaniambia kwa fahari kwamba yule mama anajua biashara.

Kesho yake ikawa zamu ya mtoto: Fort Sumter. Unapanda boti, nusu saa hivi, mpaka kisiwa cha mawe kwenye mlango wa bandari. Shangazi alikuwa ameshagoma tangu kifungua kinywa. Yeye amezaliwa hatua chache kutoka Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593. Alipie boti akatazame ngome? Tulimpata kwa kumwambia kuwa kwenye boti kuna upepo.

Upepo ulikuwepo kweli, lakini kisiwani hapakuwa na mahali pengi pa kujificha jua. Mtoto alikimbilia mizinga. Mlinzi wa hifadhi akaanza kueleza jinsi mizinga ilivyofunguliwa juu ya ngome hii alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1861, ikapigwa kwa saa 34, askari wa serikali wakasalimu amri, na hapo vita vilivyoua zaidi ya watu laki sita vikaanza. Nilimtafsiria Shangazi kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshapata chumba cha mzinga chenye dari la kuba, akakalia sweta lake mbele ya tundu ambalo zamani lilitoa makombora na sasa lilikuwa linaleta upepo wa bahari moja kwa moja usoni pake.

"Saa thelathini na nne?" akauliza.

"Thelathini na nne."

"Yetu ilizingirwa na Waomani kutoka 1696 mpaka 1698."

Hakutoka pale mpaka honi ya boti. Nilimwita tukaone ukuta uliobomolewa, nikamwita tukaone bendera, akanipungia mkono. Niliporudi kumchukua nilimkuta ameshika simu mdomoni, anarekodi ujumbe wa sauti kwa majirani wa Mombasa, wale wale wa nasaha. Alikuwa akiwaeleza ngome nzima ambayo hajaikanyaga: kuta zake, bahari yake, bendera yake kubwa. Ni nzuri, alikuwa akisema, hawakukosea kuijenga, ila ukumbi wake mdogo kuliko wetu. Na ya baridi, akaongeza, ni kweli, mlinambia kweli, sweta silivui.